Aliyebaki kwenye sofa: American Idiot ilivyonifundisha kazi ya jukwaa

Nikiwaambia vijana ninaofanya nao maigizo hapa Dar es Salaam kwamba kazi hii nilifundishwa na bendi ya panki, Wazungu watatu waliopaka wanja na kufunga tai nyekundu, wanacheka kwanza, kisha wanauliza kama natania. Sitanii. Na wala sijawahi kuwa shabiki wa panki. Nimelelewa Tanga, kwenye nyumba ambayo redio ikifunguliwa ni taarabu au taarifa ya habari. Magitaa ya kukwaruza na mtu anayefoka badala ya kuimba niliyaona mambo ya watoto walioshiba.

Ila nilikuwa naishi Oakland, California. Mchana shule, usiku kazi ya kulea wazee, ile kazi ambayo Waafrika Mashariki wengi niliowajua kule waliianzia. Kijana aliyekuwa ananipa lifti kwenda zamu alinunua albamu ya American Idiot ya Green Day wiki ilipotoka, Septemba 2004, na CD nyingine haikuingia kwenye gari lile mpaka mwaka ukaisha. Ukipewa lifti huchagui muziki.

Nilianza kusikiliza kwa kukosa la kufanya, nikanaswa na hadithi. Wimbo wa pili, "Jesus of Suburbia", unapita dakika 9 na una vipande vitano vilivyoshonwa pamoja. Kuna kijana wa mji mdogo usio na kitu, anaishi kwa soda na vidonge mbele ya televisheni. Anachoka, anaondoka, anafika mjini. Huko anakutana na St. Jimmy, mtoto wa mtaani mwenye unga mfukoni na maneno matamu, na anampenda msichana mmoja mkali ambaye mwishoni mwa albamu hakumbuki hata jina lake. Ndiyo maana anaitwa Whatsername. Jimmy anakufa, au tuseme kijana anamuua Jimmy aliyekuwa ndani yake mwenyewe. Kisha anarudi nyumbani. Hadithi nzima ni hiyo, unaweza kuiandika nyuma ya tiketi ya daladala. Haisemwi mji gani, haisemwi alikaa muda gani, mama anatajwa kwa kupita tu. Nilipokuwa nasikiliza usiku ule wa barabarani, hayo mapengo nilikuwa nayajaza mwenyewe, na nilikuwa na vya kujazia: mimi pia nilikuwa nimeondoka kwenye mji mdogo nikiamini maisha yako kwingine.

Namna albamu ile ilivyozaliwa niliijua baadaye, na naipenda kuliko nyimbo zake kadhaa. Green Day walikuwa wa hapo hapo, ukanda wa mashariki wa ghuba ya San Francisco. Walikulia kwenye klabu ya 924 Gilman, Berkeley, inayoendeshwa na watu wa kujitolea, isiyouza pombe, na iliyokuwa na sheria kwamba bendi ikisaini na kampuni kubwa haipandi tena jukwaa lao. Walipokwenda kampuni ya Reprise mwaka 1993 mlango huo ukafungwa nyuma yao. Albamu ya Dookie ya 1994 ikauza mamilioni. Warning ya 2000 ikapita kimya kimya, na watu wakaanza kuwazungumzia kwa wakati uliopita. Mwaka 2003 walikuwa karibu kumaliza albamu nyingine, Cigarettes and Valentines, kanda zake zikaibwa. Prodyuza wao, Rob Cavallo, akawauliza swali ambalo kila msanii anapaswa kuulizwa angalau mara moja: hizo zilizoibwa, ndizo bora kabisa mlizoweza kufanya? Wakaamua kutozirudia.

Siku moja mpiga besi, Mike Dirnt, akaachwa studio peke yake, akatunga wimbo wa nusu dakika kwa mchezo tu. Billie Joe Armstrong aliporudi naye akataka cha kwake, akaunganisha. Mpiga dramu, Tré Cool, akaongeza chake. Mashindano hayo ya kitoto yakazaa "Homecoming", wimbo mrefu wa vipande karibu na mwisho wa albamu, na njia ile ile ikazaa "Jesus of Suburbia". Kwa hiyo ule umbo wa hadithi, ambao wachambuzi waliuandikia kurasa na kurasa, ulitoka kwenye utani wa watu watatu waliokuwa wamepoteza kila kitu na hawana tena cha kuogopa.

Kufaulu kwake kulikuwa kukubwa hata kwa vipimo vya Marekani. Iliingia moja kwa moja namba 1 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, mara ya kwanza kwa bendi hiyo, ikauza takriban nakala 267,000 wiki ya kwanza. Mwaka 2005 ikapewa Grammy ya albamu bora ya roki, na mwaka uliofuata "Boulevard of Broken Dreams" ikachukua tuzo ya Rekodi ya Mwaka. Na hayo yalitokea wakati duka la muziki la Apple, lililofunguliwa 2003, lilikuwa linauza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99 na kila mjuzi anasema albamu imekufa. Wao wakaleta albamu ambayo ukinunua wimbo mmoja umenunua ukurasa uliochanwa.

Watu husema iliuza kwa sababu ya siasa. Ni kweli, ila si yote. Vita vya Iraq vilianza Machi 2003, uchaguzi ulikuwa Novemba 2004, na televisheni kule haikuzimwa. Chuoni kwetu maofisa wa kuandikisha wanajeshi walikuwa wanaweka meza karibu na mgahawa, wana kalamu za bure na tabasamu. Mwenzangu mmoja, mtu wa kwetu mwenye kadi ya kijani, walimvuta kwa uraia wa haraka. Amri ya rais ya 2002 ilikuwa imefungua njia hiyo kwa wahamiaji walioingia jeshini. Alifikiri sana. Kwa hiyo wimbo unaobeba jina la albamu uliposema hautaki kuwa sehemu ya kundi linaloendeshwa na televisheni, haukuwa msemo wa bango pale tulipokuwa.

Lakini hebu tazama wimbo uliowaliza watu hasa. "Wake Me Up When September Ends" hauna siasa hata chembe. Armstrong aliuandika kwa ajili ya baba yake, aliyefariki Septemba 1982, yeye akiwa na miaka 10. Video yake iliyoongozwa na Samuel Bayer ikaupeleka vitani Iraq, kijana anaandikishwa na msichana wake anabaki. Kimbunga Katrina kilipopiga Agosti 2005, watu wakaukabidhi kwa waliofiwa New Orleans. Wimbo mmoja, misiba mitatu, na hakuna neno lililobadilishwa. Nilipoanza kufanya kazi ya jukwaa nikaelewa kwamba pale ndipo mlango wa maigizo ulipokuwa, wazi, miaka kabla ya mtu kuuingia.

Aliyeuingia ni Michael Mayer, mwongozaji aliyekuwa ametoka kufanya vizuri na mchezo wa muziki wa Spring Awakening kule Broadway, kumbi kubwa za maigizo za New York. Alikubaliana na Armstrong, wakaandika mchezo pamoja, na Septemba 2009 ukafunguliwa Berkeley Repertory Theatre, ukumbi wa viti kama 600, mwendo mfupi wa gari kutoka Gilman. Hilo peke yake lilinifurahisha. Klabu ya utotoni imewafungia, wakarudi mji ule ule kupitia ukumbi wenye viti vya kitambaa na wazee wenye tiketi za msimu.

Kumbi za kule hutumia watu wa kujitolea kuonyesha wageni viti, na ujira wao ni kutazama bure. Nilijiandikisha. Kazi yenyewe ni tochi ndogo, karatasi za programu, na kusimama au kukaa pembeni mlango ukishafungwa. Inakupa kitu ambacho mnunua tiketi hapati: unaona mchezo ule ule tena na tena, na baada ya muda unaacha kutazama jukwaa, unaanza kutazama watu.

Na watu wenyewe walikuwa tamasha. Bibi mwenye lulu shingoni kakaa jirani na kijana mwenye pini puani. Kabla mchezo haujaanza, bibi ana wasiwasi wa kelele, kijana ana wasiwasi wa maigizo. Anaogopa kwamba wimbo wake umenyoshwa na kupakwa mafuta kwa ajili ya wazee. Taa zikizimwa, sauti za taarifa za habari na matangazo zinagongana gizani, kisha ukuta unawaka: kuta ndefu zilizobandikwa magazeti na karatasi mpaka juu, televisheni zimetapakaa kila mahali, bendi iko jukwaani inaonekana. Mandhari hiyo ya Christine Jones na taa za Kevin Adams ndizo zilizokuja kupata tuzo za Tony, tuzo za maigizo ya Broadway, mwaka 2010, na hakuna aliyekaa kwenye kiti angebisha.

Mimi nimekua na onyesho la mtindo wa kwetu. Miaka ya tisini vikundi kama TOT na Muungano vikifika mji wako, usiku mmoja unapata ngoma, kwaya, sarakasi, kichekesho, ngonjera, halafu taarabu mpaka alfajiri. Kuchanganya muziki na maigizo si jambo la kunishangaza. Kilichonishangaza pale ni kwamba hawakuzungumza. Karibu dakika 95, bila mapumziko, na mazungumzo yenyewe ukiyakusanya hayajazi kurasa nyingi; ni barua fupi anazosoma Johnny, kijana mkuu wa mchezo, tarehe, malalamiko, mzaha mchungu. Hayupo msimulizi anayetokea kueleza kilichotokea, wala hakuna mama anayekuja kulia. Kwetu tungekuwa tumeshamwita mjumbe wa nyumba kumi atoe nasaha.

Walichofanya badala yake ni kugawa sauti. Kijana mmoja wa kwenye albamu wakamfanya watatu. Johnny, aliyechezwa na John Gallagher Jr., anabeba ile hadithi ya asili: mji, unga, Jimmy, msichana. Tunny, Matt Caplan, anaondoka naye, anashindwa na mji, anatekwa na tangazo la jeshi kwenye televisheni, anapelekwa vitani na kurudi bila mguu. Nilipomwona Tunny akisimama mbele ya lile tangazo nilimkumbuka mwenzangu na ile meza ya karibu na mgahawa.

Na wa tatu ni Will.

Will alikuwa aondoke nao. Begi tayari, tiketi tayari. Dakika za mwisho mpenzi wake, Heather, anamwambia ana mimba. Anabaki. Anakaa kwenye sofa upande wa jukwaa, na hapo ndipo anapokuwa karibu mchezo mzima, gitaa mkononi, bia, televisheni. Wenzake wanazunguka dunia kwenye sehemu iliyobaki ya jukwaa, yeye yupo pale pale, mwanga umepunguzwa lakini haujazimwa. Mtoto anazaliwa. Heather anachoka, anachukua mtoto anaondoka. Sofa inabaki na mtu wake.

Kwenye albamu Will hayupo. Huwezi kumtoa kwenye mstari wowote. Albamu ni ya aliyeondoka, kama nyimbo nyingi za vijana zilivyo. Aliyeondoka ndiye mwenye hadithi, aliyebaki ni picha ya stesheni. Mayer na Armstrong waliangalia nafasi iliyoachwa tupu, wakauliza nani alikuwa anakaa hapo.

Sitaki kujifanya nilielewa hayo usiku wa kwanza. Ila nilijua kwamba nikiwa nimesimama kwenye kile kichochoro cha viti macho yangu yalikuwa hayatoki kwenye sofa hata pale Johnny alipokuwa anajidunga katikati ya jukwaa. Tanga nilimwacha rafiki tuliyepanga kuondoka pamoja. Baba yake aliugua, akabaki. Kwa miaka kadhaa nikipiga simu nilikuwa nasimulia, yeye anasikiliza. Ningeulizwa habari zake ningesema yupo tu. Baada ya kumwona Will nilianza kumwuliza maswali kwenye simu. Alikuwa na mengi ya kusema, na mengine hayakuwa mazuri kwangu kuyasikia.

Kuna wimbo mmoja ambao nauchambua na vijana wetu mpaka leo, "Give Me Novacaine". Kwenye albamu ni mtu mmoja anaomba ganzi. Jukwaani Will anauimba kwenye sofa yake, taratibu, amelewa maisha, na muda huo huo upande wa pili Tunny yuko vitani na anapigwa risasi. Maneno hayakuguswa. Kuna miili miwili tu, umbali wa hatua chache, na bahari kati yao. Yule anayeomba asisikie chochote hajui kwamba anamwombea mwenzake. Watazamaji wa Berkeley, wenye lulu na wenye pini, walikuwa wanaacha kukohoa hapo.

"Letterbomb" nayo walifanya jambo dogo lenye maana kubwa. Kwenye rekodi, Kathleen Hanna anafungua kwa sauti ya msichana kwa sekunde chache, kisha Armstrong anaubeba wimbo wote, ingawa maneno ni ya barua ya msichana anayemwacha. Jukwaani Rebecca Naomi Jones, aliyecheza Whatsername, aliuchukua mzima na wanawake wenzake wakamzunguka. Msichana asiye na jina ndiye mwenye ghadhabu safi kuliko wote usiku ule. Ungedhani wimbo uliandikwa kwa ajili yake, na ukirudi kusikiliza CD unaona kweli ulikuwa wake muda wote.

Si kila kitu kilikuwa sawa. Tunny akiwa hospitali, kwenye njozi za dawa, muuguzi wake anamjia angani kwa kamba, kafunikwa nguo nzito kichwa hadi miguu kama wanawake wa Kabul, halafu nguo inavuliwa na chini yake ni mavazi ya mchezaji wa kiuno wa hadithi za majini. Kuruka kwenyewe kulikuwa kuzuri. Waigizaji wawili wakiogelea hewani juu ya vitanda vya majeruhi. Lakini mimi nina mama na shangazi wa buibui. Najua utetezi wake: hiyo ni ndoto ya askari wa Kimarekani, imejaa takataka za televisheni alizokulia. Naukubali nusu. Nusu nyingine nasema mchezo ulioanza kwa kuilaani televisheni hapo ulikuwa unaitumia kama duka la nguo.

Na kuna la wakati. Ilipofika Septemba 2009 Bush alikuwa ameshaondoka madarakani, Obama yuko ndani, na hasira ya 2004 ilianza kuonekana kama picha ya zamani. Nadhani ndiyo sababu sehemu za siasa, zile za kunyoosha ngumi, zilikuwa nyepesi kuliko zile za vyumbani. Waliongeza pia nyimbo za 21st Century Breakdown iliyotoka mwaka huo huo. "21 Guns" ilikaa vizuri mahali pake. Nyingine zilikuwa wageni waliokuja na mizigo.

Mwalimu wa miondoko, Steven Hoggett, ndiye aliyewaokoa kwenye nyimbo za kasi. Ukweli ni kwamba ukikaa nyuma, maneno ya panki jukwaani husikii yote, hata vipaza sauti viwe vizuri vipi. Hoggett hakuwapa hatua za kucheza. Aliwapa vichwa vinavyotikiswa mpaka unaogopa shingo, miili inayojirusha ukutani, mikono inayorudia tendo moja la kipuuzi kama mtu aliyekwama. Hukuhitaji neno. Na Tom Kitt, aliyepanga muziki, akaweka vinanda vya nyuzi, violini na chelo, chini ya magitaa, ili pale kelele inapokatika kuwe na kitu cha kushika.

Aprili 2010 wakafungua Broadway, St. James Theatre, wakafunga Aprili 2011 baada ya maonyesho 422. Mwaka mmoja. Kwa bendi ni umri wa ziara ndefu, kwa mchezo wa muziki wa Broadway ni umri wa wastani, tena wa mchezo unaosifiwa zaidi ya unavyolipa. Tuzo kubwa ya Tony ilikwenda kwa mchezo mwingine, Memphis. Armstrong mwenyewe alipanda kucheza St. Jimmy kwa vipindi, na kila alipopanda tiketi ziliuzika vizuri, akishuka zinashuka. Hapo kuna jambo la kibiashara ambalo waandaaji wa kwetu wanalijua bila kufundishwa: watu walikuja kumwona mtu, si mchezo. Rekodi ya mchezo ikapata Grammy mwaka 2011. Baada ya hapo ukaenda Uingereza, ukazunguka vyuo na kumbi ndogo, na mwaka 2024 Los Angeles ukachezwa kwa ushirikiano na Deaf West, kikundi cha wasanii viziwi, kwa lugha ya ishara na kuimba kwa pamoja. Hilo la mwisho sikuliona, nililisoma, lakini nikijua Hoggett alivyofanya, halinishangazi hata kidogo kwamba mchezo ulichukulika na watu wanaozungumza kwa mikono.

Niliporudi nyumbani sikuwa na mpango wa maigizo. Nilifuatwa na vijana wa Temeke wanaofanya singeli, walikuwa na mfululizo wa nyimbo kuhusu mabaharia, yaani vijana wanaozamia meli kwenda Durban na Cape Town. Kila mtaa wa kule una mmoja, kila mmoja ana hadithi. Walitaka nyimbo zao ziwe onyesho moja na walikuwa wameshaandika: msimulizi mwenye kanzu anaeleza, wimbo unapigwa, msimulizi anaeleza tena. Nikawauliza msimulizi anajua nini ambacho wimbo haujasema. Kimya. Nikawaambia tumtoe.

Mpiga kinanda hakukubali. "Mwalimu, singeli inakwenda mbio, watu hawatashika maneno. Bila mtu wa kueleza tumekwisha." Hoja yake ilikuwa nzito, kwa sababu singeli ni ya kasi kuliko panki yoyote niliyowahi kusikia. Tukakaa siku nyingi kwenye hilo. Jibu lililopatikana ni la miili: wimbo wa kujificha kwenye shimo la meli, ambao ni wa maneno mengi kuliko yote, unachezwa na watu sita ndani ya mraba uliochorwa kwa chaki, mraba mdogo kuliko miili yao, na unazidi kufutwa na kuchorwa upya ukipunguzwa. Mtazamaji hata asiposhika ubeti mmoja anajua pumzi inaisha.

Kisha nikauliza swali la sofa: nani hayupo kwenye nyimbo hizi? Walinitazama kana kwamba nauliza kitendawili. Nyimbo zote zilikuwa za anayeondoka, anayefika, anayerudishwa. Mmoja, ambaye siku zote alikuwa mkimya, akasema, "Dada yangu." Kaka yao alizamia, na dada ndiye aliyekuwa na simu. Kila ujumbe uliingia kwake: wa kuomba hela, wa uongo kwamba mambo safi, wa mtu asiyemjua anayesema nduguyo yuko hospitali tuma nauli. Mama hakuambiwa mengi ya hayo. Dada alikuwa anachuja.

Tukamweka dada jukwaani, upande wa kushoto, kwenye kibaraza, anamenya viazi vya biashara, simu imeegeshwa kwenye sufuria. Anakaa hapo tangu mwanzo. Haimbi mpaka karibu na mwisho. Simu ikilia, wimbo wa singeli hausimami, yeye anasoma, anafuta, anaendelea kumenya. Msichana anayemcheza aliniuliza atakuwa anafikiria nini muda wote huo. Nikamwambia asifikirie kitu, amenye viazi vizuri, kwa sababu jioni ile vitakaangwa kweli na kuliwa na wasanii. Na vinaliwa.

Wimbo wa kaka kuomba hela tulimpa dada, maneno yale yale bila kubadilisha herufi. Kaka anapouimba ni mzaha wa mtaani, watu wanacheka na kushangilia. Dada anapousoma kutoka kwenye simu, polepole, mstari kwa mstari, hauchekeshi tena. Onyesho la kwanza mama mmoja alinyanyuka kutoka kiti cha tatu akaenda kumtunza noti ya elfu tano, kama taarabu, akaibandika pembeni ya sufuria. Yule binti hakuvunja uigizaji. Akaichukua, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaendelea kumenya. Tangu siku hiyo tunaliacha pengo dogo hapo, kwa sababu kila mahali tunapokwenda kuna mama anayenyanyuka.

Tulichoshindwa kuiga ni zile dakika 95 bila mapumziko. Mwenye ukumbi alitukatalia. "Kijana, mimi kodi nakuachia rahisi, nakula kwenye soda na mishikaki. Nusu saa lazima." Tulijaribu kumwomba robo saa, akatucheka. Watu wakitoka kununua mishikaki hawarudi kwa wakati, na tulikuwa tumeuweka ujumbe wa hospitali mara tu baada ya mapumziko, nusu ya viti tupu. Tukauhamisha, sasa unaingia simu ikilia dakika moja kabla ya mapumziko, na dada hatoki jukwaani. Taa za ukumbi zinawashwa, watu wanakwenda kula, yeye anabaki na viazi vyake. Wengine hurudi na mshikaki mkononi wakakaa mbele kumtazama, na kuna waliowahi kumwuliza kutoka kwenye viti kama ameshatuma hiyo nauli. Dada huwa hawajibu. Mwenye ukumbi anasema soda zimepungua kuuzika kidogo, ila hajatufukuza.